Alama 64

Kitabu ninachotaka kukizungumzia nimekuwa nacho kwa miaka mingi, na jalada lake limekwisha kuchanika mgongoni. Kiliandikwa na Mholanzi, Geert Hofstede, kikatoka mwaka 1991 kwa jina la Cultures and Organizations: Software of the Mind. Sikukinunua, nilipewa. Alinipa mwalimu mkuu wangu, mgeni kutoka Ulaya, mwaka 1996, nilipokuwa naibu wake katika shule moja ya kimataifa hapa Tanzania. Katika ukurasa wa kwanza aliandika kwa wino wa buluu kwamba kitabu hiki kitatusaidia kuelewana. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa na mwajiri. Mara ya pili nimekisoma mwaka huu, nikiwa mstaafu asiye na wa kumwogopa, na nimeshangaa jinsi kitabu kilekile kinavyoweza kubadilika.

Nianze kwa kusema kwamba si kitabu kibaya. Ubaya wake, kama upo, ni ule wa panga zuri lililoachwa sebuleni.

Hofstede alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 91. Alisomea uhandisi, kisha akawa mtafiti wa mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya IBM. Kati ya mwaka 1967 na 1973 kampuni hiyo iliwauliza wafanyakazi wake wa nchi nyingi maswali kuhusu kazi zao, na fomu zilizorudi zilikuwa karibu 116,000. Kutokana na fomu hizo alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1980, kilichohusu nchi 40, na baadaye akaongeza nchi 10 na kanda 3. Kila nchi ilipewa alama. Alama iliyopata umaarufu kuliko zote ni ya kile ambacho, nikifuata maneno yake, nitakiita umbali wa madaraka: ni kwa kiasi gani walio chini wanakubali na kutazamia kwamba madaraka hayatagawanywa sawasawa. Malaysia ilipata 104, Austria 11. Uingereza ilipata 35, Uholanzi 38, Marekani 40. Sisi tulipata 64.

Nasema sisi, lakini ukiitafuta Tanzania katika jedwali lile huioni. Utaona Afrika Mashariki, na ndani yake wametiwa Waethiopia, Wakenya, Watanzania na Wazambia, wote katika kapu moja na alama moja. Mtu aliyekuwa Arusha mwaka 1977, mpaka wa Namanga ulipofungwa na nchi mbili jirani zikawa zinarushiana maneno kwa sababu moja ilifuata ujamaa na nyingine ubepari, angependa sana kuelezwa inakuwaje sote tulipata alama zilezile 27 katika kipimo cha kama mtu anajali nafsi yake au kundi lake. Tena hizo zilikuwa fomu za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Waliojaza fomu hizo walikuwa watu wa aina gani, basi, na waliwawakilisha akina nani? Si mpishi wetu wa shule, hilo naweza kuliapia.

Mwaka 2002 msomi mmoja, Brendan McSweeney, aliandika makala kali katika jarida la Human Relations akiuliza maswali ya namna hiyo kwa undani kuliko ninavyoweza mimi. Alionyesha, kwa mfano, kwamba Pakistani yote ilipimwa kwa majibu ya watu 37 katika awamu ya kwanza na 70 katika ya pili. Laiti ningekuwa na makala hiyo mwaka 1996. Lakini nisijidanganye. Hata ningekuwa nayo ningeikunja na kuiweka mfukoni, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Shule zenyewe hizi, kwa msomaji asiyezijua, zina asili ya heshima. Ya kwanza kujulikana sana ilianzishwa Geneva mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, baada ya vita vilivyoteketeza kizazi kizima cha vijana wa Ulaya. Waanzilishi waliamini kwamba watoto wakisoma pamoja hawatauana wakiwa wakubwa. Mkuu wake kwa miaka 20, Marie-Thérèse Maurette, aliandika mwaka 1948 kijitabu cha UNESCO kuhusu njia za kufundisha amani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuanza somo la jiografia na dunia nzima badala ya nchi ya mtoto. Ni wazo zuri hata leo. Baadaye shule za aina hii zilifuata balozi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na makampuni kila zilipokwenda. Dar es Salaam ilipata yake mwaka 1963, na mwaka huohuo Mwingereza Michael Stern alifungua shule ya Waterford huko Swaziland, karibu kabisa na mpaka wa Afrika Kusini, ipokee watoto wa rangi zote wakati upande wa pili wa mpaka jambo hilo lilikuwa kosa la jinai. Hapo neno kimataifa lilikuwa na meno.

Katika shule yetu neno hilo lilikuwa na bendera. Zilikuwa bendera 30 na kitu kwenye ukumbi, na kila Oktoba tulikuwa na siku ya vyakula vya mataifa. Lakini katika ofisi ya mhasibu kulikuwa na orodha mbili tu za mishahara: ya walioajiriwa ng'ambo na ya walioajiriwa hapa. Mtu wa orodha ya kwanza alipewa nyumba, tiketi za ndege za familia, bima ya matibabu, ada ya watoto na posho ya kwenda kwenye kozi. Mtu wa orodha ya pili alipewa mshahara na chai. Haikujali shahada yako. Mwenzangu mmoja wa hesabu alisoma chuo kikuu kimoja huko Uingereza na mwalimu wa hesabu wa kigeni. Walikaa meza jirani katika chumba cha walimu, na mmoja alilipwa zaidi ya mara nne ya mwingine. Sitii chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka karatasi kwa mhasibu.

Katika hali hiyo kitabu kiliingia. Mwanzoni mwa mwaka 1996 alikuja mshauri wa uongozi wa shule, akakodiwa kwa siku mbili, na semina ikafanywa kwa watumishi wote, tangu walimu hadi walinzi na wapishi. Kisa chake kilikuwa kwamba bodi ilikuwa imelalamika: watumishi wenyeji hawasemi. Mikutanoni wananyamaza, kisha wanafanya mambo yao. Mshauri alichora ubaoni mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, 64 na 35, akatueleza kwa upole mkubwa kwamba hakuna mwenye kosa. Sisi tunatoka katika tamaduni za umbali mkubwa, wao wanatoka katika tamaduni za umbali mdogo. Sisi tunasubiri kuambiwa, wao wanasubiri kupingwa. Kazi ya kiongozi ni kujenga daraja. Walimu wa kigeni waliandika haraka sana katika madaftari yao.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kutafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya waliokaa nyuma, na hapo ndipo kitabu kilipoanza kunipinga mkononi. Umbali wa madaraka ulipita. Lakini kipimo cha pili kilikuwa kile cha nafsi na kundi, ambacho Uingereza ilipata 89, Marekani 91 na sisi 27. Niliposimama kukitafsiri nikatoa neno lililokuwa mdomoni: ubinafsi. Nikasema kwamba Waingereza wana ubinafsi wa alama 89 na Wamarekani 91, na sisi tuna 27 tu. Meza ya nyuma iliangua kicheko, na mpishi mkuu, mzee wa Kinyamwezi asiye na mzaha, akaitikia kwa sauti kwamba kumbe hata wao wenyewe wanajua. Mshauri alifurahi kuona watu wamechangamka, akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia wamelielewa somo.

Kicheko kile nilikipuuza kwa miaka, nikadhani ni kosa la mkalimani. Sasa naona kilikuwa uhakiki bora kuliko wangu. Tafuta neno jingine la Kiswahili kwa kile Hofstede alichokuwa anakisifu, yaani mtu kusimama kwa miguu yake, kuamua mwenyewe, kutokuwa mzigo kwa mwenzake. Utalipata: kujitegemea. Sasa tazama historia ya neno hilo katika nchi hii. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliweka siasa ya nchi katika maneno mawili yaliyofungwa pamoja, ujamaa na kujitegemea, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa kijitabu chake kuhusu Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule zinazomng'oa mtoto katika jamii yake. Mtoto wa shule ya msingi wa miaka ya 70 aliyaimba maneno hayo mawili kwa pumzi moja akiwa na jembe begani. Kwa Hofstede maneno hayo mawili yanakaa kwenye ncha mbili za mstari mmoja, ukisogelea moja unalikimbia jingine. Huenda Azimio lilikosea kuyafunga pamoja. Yaliyotupata baadaye tunayajua. Lakini kipimo kisichoweza hata kuandika sentensi ambayo taifa zima lilikuwa likiisema kila asubuhi hakiwezi kudai kwamba kimelipima taifa hilo.

Niliporudi kukisoma mwaka huu nilitaka kujua alama zenyewe zilipatikanaje, jambo ambalo mshauri hakulieleza na sisi hatukuuliza. Umbali wa madaraka ulitokana na maswali matatu. Moja lilimtaka mfanyakazi aeleze ni mara ngapi watu huogopa kuonyesha kwamba hawakubaliani na wakubwa wao. Jingine lilimtaka aseme bosi wake ni wa namna gani, anaamua peke yake au anashauriana. La tatu, yeye mwenyewe angependa bosi wa namna gani. Tazama swali la kwanza na la pili. Ukimuuliza mtu kama wenzake wanamwogopa bosi, na akajibu ndiyo, umepima nini? Mimi naona umempima bosi. Labda umepima pia mkataba wa huyo mtu, na kama kuna kazi nyingine mjini. Hofstede alikusanya khofu kama mtu anayekinga maji ya mvua kwenye pipa, kisha akasema pipa ndilo linalotoa maji.

Kipimo cha nafsi na kundi kilinichoma zaidi. Upande wa nafsi uliwekwa waliosema kwamba jambo muhimu kazini ni kupata muda wa kutosha kwa ajili yao na familia zao, kuwa na uhuru wa kufanya kazi kwa njia yao, na kupata kazi inayowapa changamoto. Upande wa kundi waliwekwa waliotaka nafasi za mafunzo, mazingira mazuri ya kazi kama mwanga na hewa, na kutumia ujuzi wao wote. Nilisoma orodha hiyo mara mbili, nikaweka miwani chini. Katika miaka yangu yote pale, ombi ambalo walimu wenyeji walilirudia kila mwaka lilikuwa mafunzo. Tuliyaomba kwa sababu wenzetu waliyapata na sisi hatukuyapata. Tuliomba pia feni katika madarasa ya upande wa magharibi. Kumbe kwa kuomba feni na kozi tulikuwa tunathibitisha kwamba sisi ni watu wa kundi! Na yule ambaye alikwisha kupewa feni, kozi, nyumba na tiketi, akabaki na haja moja tu ya muda wa mapumziko, alikuwa anathibitisha ukuu wa nafsi.

Haki lazima itendeke kwa marehemu. Hofstede mwenyewe aliliona jambo hili, angalau nusu. Anaonyesha kwamba alama za nafsi zinapanda pamoja na utajiri wa nchi, na anasema utajiri ndio unaotangulia. Anaonya pia, tena waziwazi, kwamba alama ya nchi haimwelezi mtu mmojammoja, na kwamba kumhukumu mtu kwa alama ya taifa lake ni kosa la hesabu. Maonyo hayo yamo kitabuni. Katika nakala yangu mwalimu mkuu alipigia mstari sehemu alizozipenda kabla ya kunipa, na mistari hiyo naiona hadi leo. Jedwali limepigiwa mstari. Onyo halikupigiwa.

Kuna kisa kimoja kitabuni nilichokipenda. Mwaka 1809 Waswidi walimwondoa mfalme wao, wakaishia kumwalika Bernadotte, jenerali wa Kifaransa wa jeshi la Napoleon, aje kuwa mrithi wa kiti. Alipohutubia bunge lao kwa Kiswidi cha kuvunjikavunjika walicheka kwa nguvu, na Mfaransa yule, aliyezoea kwamba mdogo hamcheki mkubwa, alifadhaika hata hakujaribu tena kusema lugha yao. Hofstede anakitumia kisa hicho kuonyesha tofauti ya umbali wa madaraka. Mwalimu mkuu wetu alikipenda pia, kwa sababu yaliwahi kumfika mambo yanayofanana na hayo. Siku yake ya kwanza, Agosti 1995, alisimama mbele ya shule nzima na wazazi, akasoma Kiswahili alichoandikiwa, na mahali pa kusema nimekuja kuwasikiliza akasema nimekuja kuwasikitisha. Hakucheka mtu. Baada ya kusoma kitabu aliniambia, unaona, Sweden wangecheka, hapa hamkucheka, huo ndio umbali wenyewe.

Sikumwambia kwamba jikoni walicheka hadi wakafuta machozi kwa aproni. Sikumwambia kwamba kwa watu waliokaa ukumbini mgeni anayejaribu lugha yako hachekwi usoni, awe mkubwa au mchuuzi wa samaki. Ni adabu ya kumfanya ajaribu tena. Wala sikumwambia jambo la tatu, kwamba mikataba ya watumishi wa chini ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja na yeye ndiye mwenye kuisaini. Ukweli ulikuwa katika hayo yote kwa pamoja, adabu na khofu na mzaha wa jikoni, lakini kitabu kilimpa jambo moja, akaridhika nalo.

Nimeona pia jambo jingine ambalo sikulisoma popote. Bodi na mwalimu mkuu walipogombana kuhusu fedha za maabara, wote wakiwa wageni, wa mataifa manne tofauti, ugomvi ule uliitwa tofauti za sera. Walipogombana kuhusu saa za kazi mwalimu mkuu na mkuu wa masomo ya sayansi, uliitwa mgongano wa tabia. Lakini mpishi alipokataa kufanya kazi Jumapili bila malipo ya ziada, uliitwa mgongano wa utamaduni, na mimi nikaitwa kusuluhisha. Yaani utamaduni ulikuwa kitu tulichokuwa nacho sisi. Wao walikuwa na maoni.

Sasa nifike kwa yule mwalimu wa Kiswahili, maana bila yeye makala hii haina sababu. Jina lake silitaji. Shuleni sote tulimwita Mwalimu tu, hata walimu wenzake. Alikuwa amekwisha kufundisha pale miaka 11, na kabla ya hapo alifundisha shule za serikali na madarasa ya kisomo cha watu wazima katika miaka ya 70. Akiingia darasani watoto walisimama wakamwamkia. Aliwafundisha watoto wa mataifa yote kumwamkia shikamoo mtu mzima yeyote, na katika shule yenye bendera 30 mtu mzima aliyefaidi zaidi alikuwa mlinzi wa lango, mzee wa miaka 60 na zaidi, ambaye kila asubuhi aliitikia marahaba mia mbili. Walimu wa umbali mdogo wa madaraka walipita langoni kwa gari bila kushusha kioo. Kipimo gani kitapima hilo? Shikamoo haifuati mshahara. Inafuata umri, na kwa hiyo kila mtu, akiishi, ataipata.

Mwalimu mkuu alitoa agizo kwamba watumishi wote waitwe kwa majina yao ya kwanza, naye akiwa wa kwanza. Alikuwa mkweli kabisa katika hilo, alichukia ukubwa. Mwalimu alikataa. Alimwambia mbele yangu, kwa Kiingereza safi, kwamba jina lake alipewa na wazazi wake kwa matumizi ya waliomzidi umri, na watoto wana jina lao la kumwita. Mwalimu mkuu alisema mwalimu ni cheo, na cheo ni ukuta. Ningeweza kumkumbusha kwamba katika nchi hii rais wa kwanza aliitwa kwa neno hilohilo, na wazee walilitumia kumsogeza karibu. Sikumkumbusha.

Nisije nikaonekana napamba mambo. Si kila heshima yetu ni dhahabu. Mimi nilisoma shule ambayo mwalimu mkuu alitembea na fimbo, na ukimya wetu mbele yake haukuwa adabu, ulikuwa makalio yanayouma. Wapo walimu wengi wanaojificha nyuma ya shikamoo ili wasiulizwe swali. Mwalimu naye alikuwa mkali, na mtoto aliyechelewa kuleta kazi aliijua siku hiyo. Kama mwalimu mkuu angekaa darasani kwake wiki moja na kusema ukali huu umezidi, huenda ningemuunga mkono. Alikaa dakika 40. Katika fomu ya tathmini aliandika kwamba uhusiano wake na wanafunzi umejengwa juu ya umbali mkubwa wa madaraka, usiolingana na falsafa ya shule.

Machi 1997 kamati ya bodi ilikaa kuzungumzia mikataba. Tulikuwa watu watano chumbani. Ilipofika zamu yake mwenyekiti alisoma tathmini, akaniuliza mimi, mwenyeji pekee, kama nina maoni. Nilikuwa na maoni. Nilijua kwamba watoto wa kidato cha nne walifaulu kwake kuliko somo lolote la lugha. Nilijua kwamba mtoto mmoja wa kigeni aliyefiwa na mama yake katikati ya muhula alikuwa akienda kukaa darasani kwake kila mapumziko, bila kusema neno, mwalimu akisahihisha madaftari na mtoto akila karanga. Nikasema sina la kuongeza.

Mkataba haukufanywa upya. Jioni ile mwalimu mkuu alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akanishukuru. Akasema anajua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa utamaduni wangu kupingana na wakubwa hadharani, kwa hiyo hakutegemea niseme kitu, wala hanilaumu. Kitabu kilikuwa mezani. Nilimwitikia kwa kichwa.

Sababu ya ukimya wangu haimo katika jedwali lolote. Binti yangu alikuwa anasoma pale, kidato cha pili, kwa robo ya ada, nafuu iliyotolewa kwa mtoto mmoja wa naibu mwalimu mkuu na ikihuishwa kila mwaka kwa idhini ya mwalimu mkuu. Ada kamili kwa mwaka ilizidi mshahara wangu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, nami niliifanya peke yangu, kwa faida yangu, kwa kichwa kitulivu. Mzungu wa alama 89 asingefanya tofauti. Lakini yule mgeni aliponipa utamaduni kama mtu anavyompa mwenziwe koti wakati wa mvua, nililivaa. Lilinikaa vizuri. Nilikuwa mtu niliyekosa ujasiri, nikageuzwa mtu wa Afrika Mashariki.

Hilo ndilo lawama langu kubwa juu ya kitabu, au juu ya namna tulivyokitumia, na wakosoaji wenye takwimu hawalisemi. Wao wanasema alama zinawaonea watu kama sisi. Mara nyingine zinatusitiri. Mwalimu mkuu hakuhitaji kujiuliza kama alikuwa anaogopwa. Mimi sikuhitaji kujiuliza kama nilikuwa mwoga. Bodi haikuhitaji kufungua orodha mbili za mishahara. Semina iliisha kwa picha ya pamoja. Yeye aliondoka mwaka 1998 mkataba wake ulipoisha, kwenda shule nyingine ya aina hiyohiyo katika bara jingine, na sina shaka alibeba nakala nyingine ya kitabu na alama nyingine za watu wa huko. Alikuwa mtu mwema. Watumishi walimchangia kinyago cha kuaga.

Mwalimu nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwaka 2003, stendi ya Ubungo, alfajiri, akisubiri basi la kwenda bara. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Nilifikiri kupita upande wa pili, lakini alikuwa amekwisha kuniona.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Habari za siku nyingi?”

“Nzuri.” Akasogea kidogo juu ya sanduku, nikaona ananipa nafasi ya kukaa. “Yule binti yako alimaliza?”

“Alimaliza.”

“Kiswahili alipata ngapi?”

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema angekuwa yeye angemfikisha juu zaidi, kisha akanionyesha basi lake limeingia, nikamsaidia kubeba sanduku.